Jogoo wa Miyanoshita

Jana binti yangu alirudi na kazi ya shule kuhusu Helen Keller. Alikwisha kuandika kwamba alizaliwa Alabama mwaka 1880, kwamba maradhi yalimpokonya kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19, na kwamba ukubwani alizunguka dunia. Kwenye mstari wa Japani kalamu ilisimama. "Mama, sasa mtu haoni, hasikii, anakwenda Japani kufanya nini?"

Nilimweleza habari za mihadhara na kuwatetea vipofu, akaandika, akafunga daftari, akatoka kucheza. Mimi nilibaki nimekaa pale pale, maana yule mwanamke na Bi Mkubwa wangu waligusa ubao mmoja.

Ulikuwa mwaka ule Bi Mkubwa alipokuja kukaa nasi Yokohama, Japani. Presha ya macho ilishamaliza jicho la kulia, na la kushoto lilibaki na mwanga tu, wa kujua dirisha liko upande gani. Mnaomjua mnajua alivyo. Ni mtoto wa fundi wa milango ya nakshi, kakulia Mji Mkongwe kwenye vumbi la msaji na mlio wa patasi, lakini tangu macho yaanze kufifia mikono yake aliiweka mapajani na hapo ikakaa. Kupapasa mbele za watu aliona ni kujivunjia heshima. Ukimletea chai anakwambia pa kuiweka, kisha anasubiri ugeuke ndipo aitafute.

Mume wangu alipopata likizo akasema tumpeleke Hakone, milimani, kwenye chemchemi za maji ya moto. Mimi nikawa na wasiwasi na mabafu yao ya pamoja, kwa sababu Bi Mkubwa havui nguo mbele ya mtu, hata awe mwanamke mwenzake. Jirani mmoja ndiye aliyenitajia Fujiya Hotel, iliyoko Miyanoshita, akaniambia maji ya chemchemi pale yanakuja kwa bomba mpaka kwenye bafu la kila chumba. Bei ilituuma. Tukakata chumba.

Treni ya kupanda kule ni ya tangu 1919. Mlima umesimama, na kuna mahali njia inainuka mita 80 kwa kila mita 1,000, hivyo treni haipandi kwa kuzunguka. Inafika pahala inasimama, dereva anashuka na kwenda upande wa pili, kisha treni inaondoka ikitanguliza mkia kwenye reli nyingine ya juu zaidi. Hufanya hivyo mara tatu kabla ya Miyanoshita. Mara ya kwanza Bi Mkubwa aliuliza, "Tunarudi?" Nikamwambia hapana Mama, tunapanda. Mara ya pili aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu. Mara ya tatu hakuuliza. Aliinua kidole akaelekeza tunakokwenda, na hakukosea.

Toka stesheni ni mteremko, tukashuka naye polepole, yeye na mkongojo wake, mimi pembeni bila kumshika, ndivyo anavyotaka. Tulipofika akauliza swali analouliza kila nyumba: nani kaijenga?

Nikamsomea kutoka kwenye karatasi ya hoteli. Yamaguchi Sennosuke, kijana aliyekwenda Marekani akarudi na nia ya kufungua hoteli ya wageni wa kutoka nje, akanunua nyumba ya wageni ya zamani na kuanza mwaka 1878. Mwaka 1883 moto uliila yote. Akaanza upya, akajenga na barabara ya kupandia kutoka Tonosawa, na jengo kuu la mwaka 1891, lenye paa la hekalu na madirisha ya Kizungu, ndilo tulilokuwa tumesimama mbele yake. Hapo jirani palikuwa na nyumba nyingine kongwe, Naraya, na wawili hao walikuwa wakigombea wateja hadi mwaka 1893 walipowekeana mkataba: Fujiya ichukue wageni wa nje peke yao, Naraya ichukue Wajapani. Waliuheshimu kwa karibu miaka 20. Nikamtajia na watu wakubwa waliolala pale, Einstein mwaka 1922, Chaplin mwaka 1932. Hao hakuwajali.

"Na hao wa Naraya?"

"Walifunga Mama, mwaka 2001."

"Innalillahi," akasema, kama vile kafiwa na jamaa.

Ndani sakafu ya mbao ilikuwa inalia chini ya zulia. Mume wangu akaenda kuandikisha, mimi na Bi Mkubwa tukasimama karibu na nguzo ya mapokezi. Mhudumu mmoja wa makamo aliutazama mkongojo, akanitazama mimi, akainama, akaja. Alizungumza Kijapani cha taratibu ili nimfuate. Alisema kwenye nguzo hii kuna jogoo wa mbao, wa ile jamii ya mkia mrefu kutoka Tosa, kule kisiwa cha Shikoku, ambao manyoya ya mkia huota mpaka mita kadhaa. Akasema Helen Keller alipokuja mwaka 1937 hoteli ilikuwa ikifuga jogoo wa namna hiyo, naye akampenda kwa kumshika. Vita vikaja, vikapita. Aliporudi mwaka 1948, hoteli yenyewe ikiwa mikononi mwa jeshi la Marekani, jogoo alikwisha kufa. Basi akapewa huyu wa kuchongwa, amguse.

Mhudumu hakumshika Bi Mkubwa mkono. Alirudi nyuma hatua moja, akanionyesha kwa kiganja: tafadhali.

Nilitafsiri yote nikijua atasema ahsante na kubaki alivyo. Akanyamaza. Kisha akanipa mkongojo niushike, akapandisha mikono ya buibui, akanyosha mikono yote miwili.

Alianzia chini. Vidole vilifika kwenye mkia, vikaufuata unyoya mmoja kutoka ncha kwenda juu, vikarudi, vikachukua wa pili. Hakuwa akipapasa. Alikuwa anakagua, kwa ncha ya kidole cha shahada kwenye mifereji na kwa kidole gumba kwenye migongo ya manyoya, jinsi babu alivyokuwa akipitia mfaa wa mlango kabla ya kumwita mwenye nyumba aje atazame. Mgongoni alikawia. Akafika shingoni, kwenye upanga wa kichwa, mdomoni. Akaugusa mdomo kwa kidole kimoja, haraka, akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia miaka.

"Patasi ya huyu ilikuwa nyembamba," akasema. "Na hakuwa na haraka. Baba angemtaka."

Kisha akashusha mkono tena hadi ubavuni, akausugua ubao kwa kiganja. "Hapa pamelainika. Hii si msasa. Ni mikono ya watu."

Watu wawili walipita na masanduku yao, nikaona wamemtazama, yeye akaendelea. Mhudumu alisimama muda wote huo, mikono ameikunja mbele, hajaangalia saa. Bi Mkubwa alipomaliza aligeuka upande aliohisi yuko, akamwambia kwa Kiswahili, "Mwenyezi Mungu akulipe, baba." Sikutafsiri. Mhudumu aliinama sana kuliko mwanzo.

Mengine niyapite. Kwenye ukumbi wa chakula wa mwaka 1930 dari ina picha 636 za maua ya milimani, nikaanza kumtajia, akaniambia niache, alichotaka ni nguzo. Chini ya nguzo zile imechongwa sura kali ya Yamaguchi Shozo, mkwe aliyekuja kuiongoza hoteli, mwenye masharubu yaliyomfanya aanzishe chama cha kimataifa cha wenye masharubu mwaka 1931. Wanasema yupo pale awaangalie wahudumu wake. Bi Mkubwa aliinama akamshika masharubu. Usiku akaoga maji ya moto mlango umefungwa, akalala kama mtoto. Asubuhi chai, pai ya tufaha, sauti ya maji yanayoshuka bustanini, tukarudi Yokohama.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile Bi Mkubwa hakuficha tena mikono. Haikuwa hivyo. Nyumbani kwetu ilirudi mapajani, na Unguja ilikaa mapajani vile vile. Isipokuwa jambo moja. Aliporejea Unguja alimwambia kaka yangu ampeleke kwenye nyumba ya zamani, akaguse mlango wa baba yake.

Mlango upo. Watoto wa ami ndio wanaokaa pale, na wameutunza kwa namna wanavyojua: kila ukikaribia mfungo wanapiga rangi ya mafuta. Juu ya rangi, rangi. Kaka anasema Bi Mkubwa aliweka vidole kwenye mfaa, akatafuta ule mnyororo uliochongwa ukingoni na maua ya katikati, akatafuta tena. Palikuwa na matuta laini tu. "Wamemjaza," akasema, na akataka kurudi nyumbani.

Fujiya walifunga Aprili 2018 kwa ajili ya kuimarisha majengo yasidondoke kwa tetemeko, wakafungua Julai 2020. Nilifuatilia habari zile kama zinanihusu. Majengo ya mbao, nchi ya matetemeko, watu wakaona inafaa kuyafunga miaka miwili na zaidi ili nguzo zibaki pale zilipo. Nilimsimulia Bi Mkubwa kwenye simu. Aliuliza kama jogoo wamempaka kitu.

Sasa kaka kapata fundi. Fundi anasema rangi inatoka, kwa dawa na kwa kukwangua, lakini patasi za babu zilikuwa nyembamba vile vile, na kuna majani ya nakshi yaliyobaki yameshikwa na rangi hiyo hiyo. Ukiitoa, mengine yatatoka nayo. Na ukiuacha mlango bila rangi, mvua na hewa ya chumvi vitaanza kuula, mpaka upakwe mafuta kila mwaka, na wa kuupaka mafuta ni watoto wa ami, ambao rangi wameizoea na hawaoni ubaya wake. Mimi nauona upande wao. Bila rangi yao huenda mlango usingekuwepo.

Tulimuuliza mwenyewe. Alisema, "Nyinyi ndio mnaoona, fanyeni mtakavyo," na katika maisha yangu yote sijawahi kujua kauli hiyo ya Bi Mkubwa inaelekea wapi. Fundi anataka jibu kabla ya masika.