Nilisimamishwa na Wageni Kanisani Kwetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandika nikiwa bado nachemka, kwa hiyo mnivumilie.

Jumapili iliyopita, baada ya miaka 11 ughaibuni, niliingia kanisa nililobatiziwa, nililopatia kipaimara, nililoimbia sauti ya tatu kwenye kwaya ya vijana mpaka siku ninaondoka. Nikakaa na Mama benchi la nne upande wa kulia, pale pale petu. Yakafika matangazo. Mzee wa zamu, mtu nisiyemfahamu, akasema yale maneno ambayo sote tunayajua: kama tuna wageni, au wanaosali nasi kwa mara ya kwanza, tunaomba wasimame tuwatambue.

Nikageuka kutazama wageni ni akina nani, kama mwenyeji yeyote anavyofanya. Mama akanivuta mkono wa koti.

"Simama."

"Mimi?"

"Simama, mwanangu, wanakungoja."

Nikasimama. Tulikuwa wanne: mke na mume, mwanafunzi aliyekuja kufanya mafunzo kwa vitendo, na mimi. Kipaza sauti kililetwa na binti ambaye nilipoondoka alikuwa hajaanza shule. Akaniambia kwa adabu zote, "Shikamoo. Karibu sana kanisani kwetu. Tutajie jina lako na unakotokea."

Kanisani kwetu. Na unakotokea.

Nikataja jina. Nikasema natokea hapa hapa. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mgeni aliyejaribu utani. Kisha kwaya ikatuimbia wimbo wa kukaribisha wageni. Siujui. Kwaya yenyewe siijui. Nikapigiwa makofi matatu, nikakaa.

Lakini sijamaliza. Juu ya madhabahu yetu, tangu nikiwa mdogo, umeandikwa ukutani mstari wa Waefeso 2:19 kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, kutoka ukingo hadi ukingo: BASI TANGU SASA NINYI SI WAGENI WALA WAPITAJI. Mimi nilijifunzia kusoma pale. Mahubiri yakirefuka nilikuwa nahesabu herufi, nikimaliza naanza upya kutoka mwisho. Sasa wamefunga skrini nyeupe ya kuonyeshea maneno ya nyimbo, na skrini imeziba upande wa kushoto. Kilichobaki kusomeka ni WAGENI WALA WAPITAJI. Sitanii. Nilisimama na kipaza sauti mkononi, macho yangu pale, na kilichonichoma zaidi ni kwamba neno "si" lilikuwa limezibwa nusu tu. Mkia wa herufi ya mwisho ulichungulia pembeni mwa skrini.

Nimeisimulia hadithi hii mara kadhaa wiki hii. Mara ya kwanza nilicheka kuliko wasikilizaji. Mara ya tatu nilisimulia mpaka mwisho bila kucheka, na aliyekuwa ananisikiliza akabadilisha mazungumzo.

Ili mnielewe, lazima niseme ya kule. Yale ya jina lako kukatwa vipande na kila mtu, mpaka siku moja unajikuta unaitikia nusu yake, kila aliyeishi nje anayajua, siyarudii. Kanisa nililopata lilikuwa la wazee, watu 18 wakifika wote. Lugha yao nilikuwa bado sijaishika. Nilitambua kwamba tumefika kwenye Sala ya Bwana kwa mwendo wake tu: sauti zinashuka pamoja, pumzi inavutwa mahali pale pale tunapoivuta sisi, halafu panakuja kile kipande cha kusamehe, ambacho naona hata wao hukipitia harakaharaka. Mimi nikawa nasema Baba Yetu kwa Kiswahili, chinichini. Jirani yangu, mzee mwenye kifaa cha kusaidia masikio, sijui alinisikiaje. Jumapili iliyofuata alifungua kitabu chake cha nyimbo katikati yetu, akaweka kidole chini ya mstari, akawa anakisogeza neno kwa neno ili niende naye. Alifanya hivyo karibu mwaka mzima. Ukucha wake wa shahada ulikuwa umepasuka kwa urefu, na mpaka leo nikiimba nauona ule ukucha unatembea. Hatukuwahi kuzungumza jambo la maana. Hatukuwa na lugha ya kuzungumzia.

Pale ndipo nilipojua mimi ni nani, nalisema bila aibu. Hapa nyumbani Ukristo nilikuwa nao kama jina la ukoo: nilipewa, sikuuliza. Nilikuwa mtoto wa fulani, mwanakwaya, kijana wa usharika. Kule hapakuwa na sare, hapakuwa na fulani, na sauti yangu ya tatu haikuwa na anayeihitaji. Ukiyaondoa hayo yote kinabaki nini? Nilikaa na swali hilo miezi 7, kazi imekatika, kibali hakijatoka. Katika miezi hiyo nilikuta maneno ya Martin Luther kwenye Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, anapomfundisha mtu anayesongwa na dhambi na dhamiri yake namna ya kujibu: lakini mimi nimebatizwa. Hasemi nimejitahidi, wala nimeona maono. Nimebatizwa. Jambo nililofanyiwa nikiwa kichanga. Mama anasema nililala tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho. Nguvu niliyoipata ilikuwa hapo hapo, kwamba sina mkono wangu katika jambo lile, kwa hiyo siwezi kulivunja kwa kukosa kazi. Nilikuwa nalisema kwenye basi, midomo imefungwa. Na Isaya 43:1, "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu." Jina zima, si nusu.

Nikanogewa. Nikasoma. Nikagundua kwamba parokia, neno wanalolitumia ndugu zetu Wakatoliki, asili yake ni Kigiriki, paroikia, yaani kukaa mahali kama mgeni. Kanisa la Rumi lilipowaandikia Wakorintho mwishoni mwa karne ya kwanza, barua inayojulikana kwa jina la Klementi, lilijitambulisha hivyo hivyo: Kanisa la Mungu linalokaa ugenini Rumi, kwa Kanisa la Mungu linalokaa ugenini Korintho. Petro naye anawaita waumini wapitaji na wasafiri. Niliyapenda mno haya. Niliyafundisha kwenye kipindi cha Biblia, tena kwa madaha, mgeni mtaalamu wa ugeni. Sasa naona utamu wake ulitoka wapi. Ni rahisi kuhubiri kwamba sisi ni wapitaji ukiwa na benchi la nne upande wa kulia linakusubiri kichwani. Ugeni niliuweka kule. Huku sikuuhesabia.

Jioni ile ya Jumapili nilifungua kitabu cha Ruthu. Mwana mpotevu tumemchosha sisi tunaorudi. Halafu yeye baba yake alimwona angali mbali, akamkimbilia. Mrejeaji wetu hasa ni Naomi. Amekaa Moabu yapata miaka 10, amezika mume na wana wawili, anaingia Bethlehemu, na wanawake wanauliza, "Je! Huyu ni Naomi?" Naye anajibu kwa uchungu. Jina Naomi lina maana ya kupendeza. Anasema msiniite hivyo, niiteni Mara, yaani uchungu, maana nilitoka nimejaa na BWANA amenirudisha sina kitu. Nimeisoma sura hiyo tangu shule ya Jumapili bila kuona kitu kilichomo: anaposema hana kitu, Ruthu amesimama kando yake. Yule yule aliyekwisha kumwambia watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako Mungu wangu, akafuatana naye njia nzima. Katika hotuba yote ile ya malalamiko Ruthu hatajwi hata kwa kidole. Sijui alikuwa anatazama wapi.

Wakati nasoma hayo nilikuwa nimetoka kumlalamikia Mama saa nzima kwamba hakuna mtu anayenijua tena. Alikuwa ananisikiliza huku anakunja kanga yake ya kanisani, polepole, pembe kwa pembe. Nikamuuliza kabisa: kwa nini ulinisimamisha? Akajibu bila kuinua macho, "Ulitaka wakujuaje ukiwa umekaa?"

Sina jibu mpaka leo.

Kwa mnaojiandaa kurudi, nina machache, na mtaniwia radhi kama yana ukali. Chukueni barua ya utambulisho kutoka kanisa mnalosali huko. Mimi niliambiwa wataniandikia, nikacheka: mtu anatambulishwa kwao? Chukueni. Suti mliyonunua kwa ajili ya siku hiyo, na mnajua ninaisema ipi, ivaeni siku nyingine. Nilitaka vichwa vigeuke. Viligeuka, na kila kichwa kiliona mgeni. Msiimbe sauti za zamani juu ya nyimbo ambazo siku hizi zimepangwa upya, maana nilijaribu na mtoto wa benchi la mbele alinigeukia mara mbili. Na tafadhali, ule mstari wa nabii kukosa heshima kwao, uacheni. Tunaupenda sana sisi wa kutoka mbali. Nazareti walikwazwa kwa sababu walimjua Yesu kupita kiasi: huyu siye mwana wa Yusufu? Mimi ningelipa nauli tena ili mtu mmoja aulize kama mimi siye mwana wa fulani.

Anzeni na jumuiya ya nyumba kwa nyumba kabla ya ibada kubwa. Nilikwenda Alhamisi, tulikuwa 9. Hakuna aliyenikumbuka kwa sura. Nilipocheka, mama mmoja akauliza, "Huyo si yule aliyekuwa anachekesha wenzake kwenye mazoezi ya kwaya?" Alilisema kama shtaka. Nililipokea kama cheo.

Kati ya hapo, Jumanne, nilikuwa nimeshakwenda ofisini kuweka mambo sawa. Katibu akaandika jina langu kwenye kompyuta. Halipo. Akaeleza kwamba walipohamisha orodha kutoka kwenye madaftari waliingiza wale tu waliotoa ahadi zao miaka 3 mfululizo. Nilikaa kimya nikiwaza ile Imani ya Mitume tunayoikiri kila Jumapili, ushirika wa watakatifu, na kwamba kumbe una tarehe ya mwisho. Nikamwomba daftari la ubatizo. Ufunguo wa kabati ulitafutwa nusu saa. Likatoka, jalada limetafunwa na mende pembeni, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Tukafunua. Nipo. Jina lote, wazazi, wasimamizi wangu wawili ambao wote wametangulia, sahihi ya mchungaji yenye mkia mrefu. Safu ya kipaimara imejazwa. Safu ya ndoa tupu. Safu ya kifo tupu, namshukuru Mungu.

Niliweka kidole chini ya jina langu nikakisogeza mpaka mwisho wa mstari. Kisha nikamgeuzia katibu daftari.

"Ndiyo, nimeona," akasema. "Lakini hili ni la ubatizo tu. Halionyeshi kama wewe ni msharika hai."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Luther alikuwa mdomoni, Isaya nyuma yake. Lakini alikuwa ameshatafuta ufunguo nusu saa kwa ajili yangu, na nje watu walikuwa wanamsubiri. Akanipa fomu. Juu imeandikwa MSHARIKA MPYA. Nikaomba kalamu.

Jina, nikajaza. Tarehe ya ubatizo, nikainakili kutoka kwenye daftari. Usharika unaotoka: nikaandika jina la usharika huu huu. Akaisoma pale pale juu ya bega langu, nikasikia pumzi yake ikisimama, lakini hakusema kitu. Sababu ya kuhama: nikafikiri kidogo, nikaandika "Nimerudi."

Akaichukua, akaisoma tena kuanzia juu, akaniambia nimesahau kuweka sahihi, nikaweka, akagonga muhuri.