Ndoa ikifungwa kanisani, anayeivunja ni hakimu

Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi yetu haina dini, na ibara ya 19 inauweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hapa Mwanza maneno hayo husikika zaidi wakati wa uchaguzi. Lakini mahali ambapo dini na serikali hukutana kila wiki, na watu wakaumia kwa kutojua mpaka uko wapi, ni kwenye ndoa.

Padri, mchungaji au shehe anayefungisha ndoa anafanya kazi mbili kwa pamoja: anaongoza ibada, na papo hapo anatumia leseni aliyopewa na serikali. Ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla na kutangazwa, na mashahidi wasipungue wawili.

Leseni hiyo ni ya kufungisha tu. Mahakama ya kanisa ikitamka kwamba ndoa ilikuwa batili, mbele ya serikali hao bado ni mume na mke. Kwa Waislamu, baraza la usuluhishi la ndoa likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na talaka ikatolewa kwa taratibu za dini, kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama itoe amri ya talaka. Lakini amri lazima itolewe na mahakama. Na hakimu naye akishaivunja ndoa, hana uwezo wa kumlazimisha padri kumfungisha mtu huyo ndoa nyingine. Mpaka huu unazilinda pande zote mbili, na ninaona ni sahihi kabisa ulivyo.

Mashauri mengi hukwama kabla ya kusikilizwa vizuri, kwenye hati ya baraza la usuluhishi la ndoa. Baraza linaweza kuwa la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu), au chombo cha jumuiya kilichoteuliwa na waziri. Huwa na mwenyekiti na wajumbe wengine 2 hadi 5. Sasa mtu anafika mahakamani na barua ya wazee wa kanisa, ina mhuri na sahihi zote, inasema wanandoa wameshauriwa na kuombewa. Kama kamati hiyo haikuteuliwa kuwa baraza, barua hiyo haisaidii kitu. Hati inayotakiwa inaeleza kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha na limeona nini, na isizidi miezi 6 tangu itolewe hadi shauri kufunguliwa. Ya Januari haifai Septemba. Kibaya zaidi, kasoro hiyo inaweza kuibuliwa kwenye rufaa, hukumu ikafutwa na watu wakaanza upya barazani.

Hati haihitajiki kama mwenzi amekutelekeza na hajulikani aliko, anaishi nje ya nchi na haelekei kuingia nchini ndani ya miezi 6, au amefungwa miaka 5 au zaidi. Ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 inahitaji kwanza idhini ya mahakama.

Halafu kuna mali. Huko Ukerewe au Sengerema, wazee wakikaa kikao wakampa mwanamke vyombo vya jikoni, na mtumbwi, mashine na nyavu vikabaki kwa mwanamume, uamuzi huo haumfungi. Mamlaka ya kugawa mali waliyochuma pamoja ni ya mahakama chini ya kifungu cha 114, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani imeshasema kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Aliyeanika dagaa na kulea watoto miaka yote hiyo asikubali kuondoka na sufuria.

Kwa viongozi wa dini: endeleeni kupatanisha, ni kazi yenu na mnaijua. Ila ikionekana wazi kwamba imeshindikana, waelekezeni wahusika kwenye baraza linalotambuliwa, wakaombe hati, kisha wafungue shauri. Mahakama ya mwanzo inatosha, hakuna haja ya kuanzia Mahakama Kuu.