"Jisemee mwenyewe"

Mbukwenyi ndugu zangu. Leo nimetoka kazini na donge kooni, na silali kabla sijaliandika.

Asubuhi tulikuwa na kikao, hapa Leeds, kwenye nyumba ya kutunza wazee ninakofanya kazi. Zamu yetu tuko watatu: mimi, dada mmoja wa Zimbabwe na kijana wa Kerala, India. Meneja akauliza nani watashika zamu ya Jumapili. Kimya. Kwa umri mkubwa ni mimi, nikajibu kama ambavyo ningejibu nyumbani: sisi tupo, tutashika. Yule dada hata usoni hakunitazama. "Speak for yourself," akasema. Nilihisi masikio yanawaka.

Ukiyafasiri maneno ni "jisemee mwenyewe" tu. Hapa yana uzito wa kofi: nani kakutuma? Mimi nimekulia Nkuhungu, Dodoma, tumezaliwa saba na mimi ndiye wa kwanza. Mgeni akija, mwalimu akiita mzazi na mama yuko shamba Mvumi, msemaji ni mimi. Ruhusa nimeitoa wapi? Ukubwa wenyewe ndio ruhusa. Kwetu mdogo akikaa kimya, amekubali. Huku akikaa kimya, hajasema.

Nimelifikiria neno hilo kutwa nzima. Sisi tunasema kumsemea mtu, ila mtoto anayelia "nitakusemea kwa mama" hakutetei, anakuchongea. Kumbe hata Kiswahili kinajua kwamba mdomo wangu unaweza kukuponza. Kiingereza nacho kina yake: chumba cha kupanga kikiwa "spoken for", kimeshawahiwa, usipoteze nauli. Na binti naye husemwa hivyo hivyo, kama vile mshenga ameshapita. Lakini "speak up for" ni kumtetea mtu, kusimama upande wake huku mdomo wake akibaki nao.

Hilo la mwisho alinifundisha yule yule dada. Mwezi uliopita mshahara wangu ulikuja bila malipo ya saa 9 nilizofanya kazi. Nilinyamaza kwa sababu ya viza. Yeye akaja jikoni akaniuliza: nikusindikize ofisini? Tukaenda. Niliongea mwenyewe, na nilipokwama akatoa karatasi ya zamu, akaiweka mezani, kidole juu ya tarehe. Hela zimerudi. Yeye aliniuliza kwanza. Mimi leo sikumuuliza.

Na kazi yenyewe ndivyo inavyotaka. Sheria ya hapa ya mwaka 2005 inaanzia hapo: mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kujiamulia, mpaka ithibitike kwamba hawezi. Hata bibi anayetetemeka mikono namuuliza chai au kahawa, na nasubiri jibu, hata likichukua dakika mbili.

Mlio nyumbani mkiniuliza njia ya kuja, sikilizeni. Tangu Julai 22, 2025 Uingereza haitoi tena viza mpya za walezi kwa watu wanaoajiriwa kutoka nje. Anayekuomba mamilioni leo kwa kazi hiyo anakuibia. Usiuze kiwanja.

Jioni hii baba mdogo kapiga simu. Posa ya mdogo wetu wa mwisho: wageni wanakuja Jumamosi, ng'ombe wameshatajwa, linasubiriwa neno langu tu kama mkubwa. "Tumekubali" ilikuwa iko ulimini. Nikasema, baba, nipe kwanza mwenyewe niongee naye.

Nikasikia simu inapita mkono kwa mkono, sufuria, mtu anakohoa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Akakaa kimya. Safari hii sikuuhesabu ukimya wake kuwa jibu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ngoja nitoke nje kwanza."