Ramani iko wapi?

Wanafunzi wakiniletea picha ya dawa iliyokaa ndani ya protini, rangi zimependeza, vistari vya nukta vya kuonyesha vifungo vya haidrojeni vimechorwa kila upande, mimi huuliza kitu kimoja tu: ramani iko wapi? Wengi hubaki wananitazama.

Ile mipira na vijiti hakuna aliyeipiga picha. Kilichopimwa ni eksirei zilizotawanywa na elektroni za fuwele. Kompyuta ikakokotoa ramani ya msongamano wa elektroni, halafu binadamu, tena mwenye usingizi na bosi anayesubiri makala, akapachika atomu humo. Protini yenyewe haisumbui sana, maana mfuatano wa asidi amino zake unajulikana. Shida iko kwenye ligandi, yaani molekuli ndogo iliyokaa ndani ya protini, kama dawa.

Chukua DHFR ya Plasmodium falciparum, kimeng'enya kinachozuiwa na pirimethamini, ile nusu ya SP (sulfadoksini-pirimethamini). Tanzania tuliifanya SP dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, usugu ukatuhamisha kwenda dawa mseto ya ALu, ingawa wajawazito bado wanapewa SP kliniki kama kinga. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand walichapisha miundo ya kimeng'enya hicho, na ule wenye namba 1J3J kwenye PDB, hifadhi ya wazi ya miundo ya protini, una mabadiliko mawili ya asidi amino, C59R na S108N (serini ya 108 kuwa asparajini), pamoja na pirimethamini. Pete ya dawa yenye amino mbili imeshikana na asidi aspartiki ya 54 (Asp54). Upande wa pili kuna pete yenye klorini, na hapo ndipo serini ya 108 ikigeuka asparajini nafasi inabana: mnyororo wa asparajini ni mrefu zaidi, unagongana na pete hiyo. WR99210, kizuizi kingine cha kimeng'enya hicho, ina kiungo kinachopinda, ndiyo maana inaukwepa mgongano huo.

Hadithi tamu, na mimi naiamini. Lakini tazama ni kipi hasa ramani inaweza kukuonyesha. Klorini ina elektroni 17, kaboni 6. Kwa dawa iliyokaa sawasawa, ukipandisha polepole kiwango cha sigma (kizingiti cha msongamano unaoonyeshwa) kwenye Coot, programu ya kutazama ramani hizi, kaboni zinafifia moja baada ya nyingine na klorini inabaki kama kinundu. Huo ni ushahidi. Sasa nenda kwenye ncha ya asparajini: oksijeni ina elektroni 8, nitrojeni 7. Kwenye ubainifu (kiwango cha undani wa ramani) wa angstromu 2 na kidogo huwezi kuzitofautisha, na haidrojeni huzioni kabisa. Aliyechora aliangalia majirani akaamua ipi ielekee wapi. Kile kistari cha nukta unachokishangilia ni uamuzi wake. Huenda ni sahihi, ila hakikupimwa.

Mambo huwa mabaya zaidi ligandi yenyewe inapotiliwa shaka. Fuwele huoteshwa kwenye PEG (polima yenye minyororo mirefu) na salfeti, zikagandishwa na gliseroli. Doa refu linalojipinda kwenye mfuko wa protini linaweza kuwa dawa yako, na linaweza kuwa kipande cha PEG. Salfeti na fosfeti ndiyo usiseme, salfa 16, fosforasi 15. Hapo utauliza tu kwenye chupa kulikuwa na nini.

Na ramani nayo ina upendeleo, kwa sababu awamu za mawimbi hukokotolewa kutoka kwenye modeli yenyewe. Ukiweka dawa, ramani itakupa kivuli cha dawa. Kwa hiyo itoe ligandi, boresha modeli upya bila hiyo, kisha angalia ramani ya tofauti kati ya vipimo na modeli kwenye sigma 3. Rangi ya kijani, yaani msongamano ambao modeli haina, ikijaa umbo la dawa, sawa. Ikijaa nusu, basi una nusu ya dawa. Linganisha pia thamani za B, kipimo cha jinsi atomu zinavyotikisika: majirani wana 30, ligandi ina 90? Pengine inatikisika, au haimo kwenye kila nakala ya protini.

Huhitaji maabara kwa haya. Kila muundo mpya kwenye PDB una ripoti ya uhakiki ya bure, na humo kuna RSCC ya kila ligandi, kipimo cha jinsi modeli inavyolingana na ramani, 1 ikiwa ndiyo kamili. Ikiwa chini ya 0.8 mimi huanza kukunja uso. Na kama ya kwako ni 0.6, usinitumie kwanza matokeo ya dokingi (kukisia kwa kompyuta jinsi dawa inavyokaa kwenye protini) uliyoyajenga juu yake. Nitumie ramani.