Nilivyomwokoa twiga wa shilingi 25

Babu alituachia mkebe wa Blue Band umejaa sarafu, nikapewa mimi kwa kuwa tangu utoto nilikuwa nauulizia. Baba mdogo wa Uyole akanishauri: "Mwanangu, zing'arishe kwanza. Mteja hanunui uchafu."

Nikamtii. Nikaanza na shilingi 5 ya 1971, ile ya pembe kumi iliyotolewa Uhuru ulipotimiza miaka 10. Nikakamua limau, nikachota majivu jikoni, nikasugua kwa kipande cha kanga nusu saa nzima. Iling'aa kama sufuria mpya. Usiku nikaimulika kwa tochi ya simu huku naiinamisha polepole: mikwaruzo tele imepita shavuni kwa Mwalimu, nywele zake zimekuwa kama uwanja mtupu. Kumbe ule weusi wa ukale uliotulia kwenye mabonde ya mchoro ndio unaoitoa sura, na mkusanyaji anaulipia. Ukishautoa haurudi. Mpaka leo nikiishika naumia.

Twiga sikumgusa. Ni shilingi 25 ya 1974, ya uhifadhi wa wanyamapori, iliyotoka pamoja na faru wa shilingi 50 na duma wa dhahabu wa 1,500. Mnunuzi mmoja Mwanjelwa akaigeuza mara moja: "Nikeli tu hii, kaka. Chukua elfu kumi."

Nikaenda kwa sonara, nikamwomba mizani yake. Gramu 25.4. Tukaweka glasi ya maji juu ya mizani, tukairudisha kwenye sifuri, nikaining'iniza sarafu kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Ikasoma 2.6 na kidogo, yaani gramu za maji yaliyosukumwa na sarafu; madini mazito kama fedha husukuma machache. Ingekuwa shaba na nikeli ingepita 2.8! Hii nusu yake ni madini ya fedha kabisa, na uzito wa gramu 25.4 unalingana na ule wa rasmi. Ipo nyingine ya gramu 28.28, fedha 925 (yaani asilimia 92.5), waliyotengenezewa wakusanyaji. Hiyo ukiipata ishike kwa kingo tu.

Na wanaokuambia senti 20 ya mbuni ina mamilioni wanakupotezea nauli. Ile ilikuwa chenji ya kila siku, ipo kwenye kila kabati la bibi.

Twiga niliuza elfu themanini na kitu, kwa mtu aliyemtazama madoa moja moja kwa kioo cha kukuzia kabla ya kutaja bei. Zilizobaki nimezitenga kila moja kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni. Limau liko jikoni, linasubiri samaki.