Komamanga linalowaka mezani
Ukitaka komamanga lililopasuliwa litoe mwanga kama taa katika picha ya njozi ya rangi za mafuta, anza na komamanga la kweli. Liweke karibu na dirisha moja, ulichore kwa kahawia iliyozimuliwa na tapentaini, kivuli chake kikiwemo. Njozi haisimami juu ya mchoro uliokosewa.

Wengi hukimbilia kupaka punje nyeupe tupu na kuziacha hivyo. Zinakuwa chaki, haziwaki. Mwanga hutokana na giza la jirani: tia giza meza na ukuta kwanza, punje zibaki ndizo nyeupe kuliko vyote. Nyeupe ikikauka kabisa, pitisha juu yake nyekundu inayopenyesha mwanga, nyepesi kama chai ya rangi, tabaka 3 au 4, kila moja ikisubiri iliyo chini yake ikauke. (Mchoraji Ernst Fuchs wa Vienna alitumia nyeupe ya tempera ya yai, yaani rangi iliyokorogwa na yai, chini ya rangi za mafuta, kwa kuwa tempera hiyo hukauka haraka.) Tabaka la juu lizidi mafuta kuliko la chini, ukigeuza litapasuka.

Halafu, ukichora kisu pembeni ya komamanga: ubapa unaoelekea punje upate mstari mwembamba wa wekundu. Mstari huo usipokuwepo, jicho linagoma kuamini.