Mchana dishi, usiku hadithi

Saa 11 na nusu alfajiri. Simu ya kwanza ni ya nesi wa zahanati moja karibu na Ngomeni: "Kaka, mtandao umepotea tangu mvua ya jana usiku." Mimi fundi wa madishi ya setilaiti, ugonjwa nimeshaujua kabla ya kumwona mgonjwa.

Saa 1. Mahamri na mbaazi pale stendi Malindi, kisha safari. Begini kuna spana, dira, kipimo cha mawimbi na daftari la hadithi. Wenzangu hulicheka hilo daftari. Mimi huwatajia John R. Pierce, mhandisi wa maabara ya Bell Labs kule Marekani. Neno "transista" alilibuni yeye, na hadithi zake za kisayansi alizitoa kwa jina la J. J. Coupling, alilolichota kwenye istilahi za fizikia. Langu la kuandikia silitaji. Bosi naye anajua kusoma.

Saa 3. Niko juu ya paa. Dishi limejaa maji kama karai! Huku karibu na ikweta setilaiti yetu iko karibu na utosi, basi dishi hulala chali, na kile kitundu cha kutolea maji kimezibwa na majani ya mwarobaini. Nazibua kwa waya, nakaza nati zinazoliwa na chumvi.

Mlinzi ananiuliza kutoka chini, "Mwanangu, hilo linatazama nini?"

"Chombo kiko kilomita 35,786 juu, mzee. Kinazunguka sawia na dunia, ndiyo maana kwetu hakisogei."

Anacheka, ananyoosha kidole baharini, kwenye majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi. "Vikirushwa pale mimi nikiona." Ni kweli: Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksrei za angani, iliruka kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970.

Saa 6. Nesi anajaribu kupiga simu hospitali kubwa.
"Halo?"
"Halo, nani…"
"Sema wewe."
"Hapana, sema wewe."
Sauti huchukua kama robo sekunde kupanda na kushuka, na jibu robo nyingine. Telstar, setilaiti ya mawasiliano ambayo Pierce alikuwa mmoja wa walioisukuma hadi ikarushwa Julai 1962, ilipita chini zaidi, kwa hiyo haikuchelewesha hivi; lakini kila ilipopita walikuwa na dakika 20 hivi tu za kuitumia, kisha inazama. Nakiandika kile kigugumizi cha halo-halo daftarini, neno kwa neno.

Saa 8 hadi 11. Fomu. Tuziache.

Saa 3 usiku. Hadithini, mke yuko Mwezini na mume yuko Malindi. Wiki tatu nzima ugomvi wao umekuwa mkavu kama muhogo wa jana, na leo ndiyo nimeona kosa: nimewafanya wajibizane kama wamekaa baraza moja. Kutoka Mwezini neno husafiri sekunde 1.3. Mume anaomba radhi, lakini samahani ingali njiani wakati tusi la mke, lililotoka mapema, linamfikia. Naye anajibu tusi. Kisha samahani inafika kule, na nyuma yake hasira.

Namsomea mke wangu. Anasikiliza huku akikunja nguo.

"Mimi ningekata simu," anasema.

Nafuta ukurasa, naanza upya.